Eda ya Wake Wawili

Mwanaidi alianza kumwonea Salma wivu kabla hajamtia machoni. Siku alipoambiwa kwamba mumewe, Jafari, ameoa mke wa pili huko mtaa wa Shangani, hapo hapo Mtwara, tena mwalimu wa madrasa aliyetoka Msimbati, alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Hakulia. Aliendelea kukuna mpaka nyama ya nazi ikaisha na mbuzi ikaanza kula kifuu, na mchana ule nyumba nzima ikala mchuzi wenye vumbi bila mtu kuthubutu kuuliza.

Watu hupenda kusema mke mkubwa awe na subira. Waache waseme. Wanaosema hivyo ama ni wanaume, ama ni wanawake ambao waume zao hawana uwezo hata wa kumtunza huyo mmoja. Mwanaidi subira alikuwa nayo, lakini ilikaa juu juu kama ukoko wa uji, na chini yake palikuwa panachemka.

Na kilichomchoma zaidi hakikuwa kile ambacho wengi wangedhani. Sura ya Salma haikumsumbua, wala umri wake. Kilichomnyima usingizi ni kusoma.

Jafari alikuwa kuli bandarini tangu ujana. Alibeba magunia ya korosho mpaka mabega yakaota sugu, na alipopandishwa kuwa msimamizi wa zamu akaanza kuheshimika mtaani, pale Rahaleo, kwa jambo jingine kabisa. Kila alfajiri alirudi kutoka msikitini, akaketi ukumbini juu ya mkeka, akafungua msahafu juu ya marufaa, midomo ikicheza bila sauti. Mwanaidi alimletea chai akinyata. Watoto walipokuwa wadogo aliwafinya masikio: "Baba yenu anasoma, nyateni!" Hata kuku akiingia ukumbini alifukuzwa kwa ishara. Akina mama bombani walimwambia, "Mwenzetu umepata mume msomi," naye aliinua ndoo yake kichwani kama aliyevishwa taji.

Yeye mwenyewe hakujua kusoma. Alikulia kwenye mikorosho ya baba yake, na msimu wa kuokota ulipofika wasichana hawakuonekana madrasani. Sura za kuswalia alizipata mdomoni mwa bibi yake, akazishika kwa masikio. Herufi zenyewe alizijua kwa mbali tu, kama mtu unayemwona kila siku barabarani wala hujui jina lake. Lakini mke wa msomi atasemaje hajui? Kwenye hitima, zile juzuu thelathini zinapogawiwa kila mtu asome yake, Mwanaidi alipokea ya kwake kwa mikono miwili, akakaa karibu na mtu anayesoma vizuri, akachezesha midomo. Jirani akifunua ukurasa, naye alifunua. Alifanya hivyo miaka na miaka, na hakuna aliyegundua, kwa kuwa kwenye hitima kila mtu ana macho kwenye kurasa zake.

Sasa fikiria mwanamke huyo anaambiwa na shoga yake wa Shangani: "Mumeo alfajiri anamsomesha bi mdogo. Kwa sauti! Ukipita barabarani unawasikia."

Kwa sauti. Kwake Jafari alisoma kimya, peke yake, amempa mgongo. Mwanamke mgeni ndiye aliyekalishwa mkekani akafundishwa. Mwanaidi alilimeza hilo, likamkaa kooni kama mwiba wa changu, na halikushuka hata siku Jafari alipoanguka ghafla akafariki. Alifia Shangani, katika zamu ya Salma.

"Hata kufa akafie kwako," Mwanaidi alisema moyoni maiti ilipoingizwa Rahaleo, kisha akaomba msamaha kwa Mungu, kisha akasema tena.

Mambo hayakuishia hapo. Jioni ya maziko, shemeji yake Hemedi alisimama nje ya pazia, kwa sababu mwenye eda hakai uso kwa uso na mwanamume anayeweza kumwoa, akakohoa.

"Shemeji, nina neno. Mwenye nyumba wa Salma anaoza binti yake mwezi huu. Hataki mtu wa eda humo ndani. Nimemwuliza shehe, amesema kwa dharura hiyo anaweza kuhama. Na nyumba ya marehemu ni hii."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo yuko hapa nje, shemeji. Na begi lake."

Miezi minne na siku kumi, chini ya bati moja, bila kutoka, bila udi, bila wanja, bila hina, na yule uliyemkwepa miaka yote anakunja kanga zake chumba cha pili. Mwanaidi alisema, "Karibu," na Hemedi akaondoka haraka kabla neno halijabadilika.

Hitima ya kwanza ikasomwa siku ya kuanua tanga. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, wanawake walijaa ukumbini mpaka koridoni. Bi Tatu, mama mzito wa Kimakonde aliyeongoza shughuli zote za akina mama pale mtaani, akagawa juzuu.

"Haya, nke nkubwa, hii yako. Nke ndogo, shika hii. Kaeni pamoja, wenye nsiba hawatengani."

Ndivyo Mwanaidi alivyojikuta bega kwa bega na Salma, na mkono wa kuufuata siku ile ni wa Salma. Akaufuata. Salma akafunua, naye akafunua. Salma akafunua, naye akafunua. Midomo inacheza, kila kitu kinakwenda kama kawaida, mpaka machozi yalipomjaa Salma akapotea mstari. Akarudisha ukurasa nyuma ili aanze upya.

Mwanaidi naye akarudisha.

Salma akageuka kidogo. Akautazama mkono wa mwenzake. Akafunua mbele ukurasa mmoja, taratibu, na mkono ule ukafunua mbele taratibu. Pale Mwanaidi akashtuka, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Salma alimaliza juzuu yake, kisha akanyoosha mkono akaichukua ile iliyokuwa mapajani mwa Mwanaidi, akasema kwa sauti ya kusikika, "Dada macho yamemuuma kwa kulia. Nipe nikumalizie."

"Masha Allah!" wanawake wakasema. "Wake wenza wa hivi wako wapi siku hizi?"

Afadhali angepigwa kofi.

Kuanzia hapo Mwanaidi aliishi na mtu aliyebeba siri yake, na akamchukia kwa kuibeba vizuri. Kila mgeni alipoingia kutoa pole alitega sikio chumba cha pili kusikia kama Salma ananong'ona. Salma hakunong'ona. Angenong'ona ingekuwa nafuu, kungekuwa na ugomvi, na ugomvi Mwanaidi aliuweza. Badala yake akabaki kuhesabu vidogo: nani kaamkiwa kwanza, nani kaletewa viazi pori vya ming'oko vingi zaidi kwenye sahani, nani kalia mpaka wageni wakambembeleza. Salma alikuja na kanzu moja ya marehemu, akaifua, akaianika uani. Mwanaidi aliianua ingali mbichi, akaifua upya kwa sabuni yake mwenyewe, akaianika tena. Salma aliiona kambani, akaenda zake jikoni.

Asubuhi moja Salma alimwambia, "Dada, tunakaa tu asubuhi hizi. Kama utapenda, tusome pamoja. Mimi nawe tu, mlango tufunge."

"Mimi si mtoto wa madrasa yako."

"Sikukusudia hivyo, dada."

"Ulikusudia nini? Unihurumie? Nenda kawahurumie wa Msimbati huko."

Salma akainama, akaendelea kuchambua mchele.

Kisha Bi Tatu akaja kupanga arobaini. Aliketi, akanywa chai, akasifu maandazi, halafu akamgeukia Mwanaidi akatoa lile lililomleta. "Mama Hamisi, siku hiyo tutafungua na Yasini. Na atakayeisoma kwa sauti ni wewe. Mwenye nsiba, nke nkubwa, nke wa nsomi. Nani mwingine?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema macho, kifua, presha, chochote. Lakini Salma alikuwa ameketi palepale na kisahani chake, na Mwanaidi hakutaka kuonekana mdogo mbele yake hata kwa dakika moja. "Inshallah," akajibu. "Nitasoma."

Bi Tatu akaondoka. Yasini ni ndefu. Mwanaidi aliisikia maisha yake yote na hakuwahi kuishika zaidi ya mwanzo wake. Kusafiri hawezi, ana eda. Kuugua anaweza, lakini hata mgonjwa watamjia na msahafu kitandani. Siku ya arobaini Rahaleo nzima itakuwa pale ukumbini, na mke wa msomi atafungua kinywa kisitoke kitu. Jina lake litachekwa, na la Jafari pamoja nalo.

Alivumilia siku kadhaa. Kisha asubuhi moja, jua limeshaingia dirishani, akamsikia Salma anasoma chumbani kwake kwa ile sauti ya taratibu, ya kuvuta, ya mtu anayejua aendako. Ndiyo sauti iliyosikika barabarani Shangani. Mwanaidi alisukuma mlango bila hodi.

"Nyamaza! Unanisomea makusudi? Miaka yote niliyokaa na yule mwanamume, nimemzalia, nimemfulia, nimemnyatia kama mwizi ndani ya nyumba yangu, hakuniambia hata mara moja, Mwanaidi, kaa nikufundishe alifu. Wewe umekuja juzi akakukalisha mkekani akakusomesha! Mimi nina kasoro gani? Niambie, wewe unayejua kila kitu!"

Salma alifunga msahafu.

"Dada, si yeye aliyekuwa ananisomesha."

"Watu waliwasikia."

"Walimsikia ananifuata. Mimi ndiye niliyekuwa ninamsomesha."

Mwanaidi alicheka kicheko kibaya. "Jafari?"

"Hakujua, dada. Hata herufi. Alikuja Msimbati na gari la korosho, akasimama dirishani pa madrasa yangu kusikiliza watoto. Akarudi tena. Mara ya tatu nikamwona analia. Alipokuja kunioa aliniambia kabisa: nataka mke, na nataka mwalimu, na nikimwendea ustadhi wa Mtwara mjini kesho yake mtaa mzima utajua." Salma akafuta pua kwa ncha ya kanga. "Alikuwa anafunua kurasa tu. Kama wewe."

Mwanaidi alikaa chini, pale pale mlangoni. Akawaza zile alfajiri zote: mume amempa mgongo, midomo inacheza, na mke nyuma yake anatembea kwa ncha za vidole kulinda kitu ambacho hakikuwepo. Wote wawili walifunua kurasa chini ya bati moja, kila mmoja akimwogopa mwenzake. Kisha, kwa kuwa wivu haukati tamaa upesi, akaona kamwanya.

"Kwa hiyo alikuoa apate mwalimu," alisema. "Si kwa mapenzi."

"Nilijiuliza hilo kila siku," Salma akajibu. "Unadhani ni wewe peke yako mwenye wivu? Mwanamume anakuja zamu yangu, anasoma sura mbili, halafu hadithi zote ni zako. Ananiambia: 'Nikimaliza juzuu nitakwenda kusoma kwa sauti Rahaleo. Yule mwanamke ananinyatia, Salma. Ananinyatia miaka yote, nami sisomi kitu. Nifanye upesi kabla hajachoka.'" Akamgeukia Mwanaidi. "Nikamfundisha ili akakusomee wewe. Nani alininyatia mimi?"

Hawakukumbatiana. Mwanaidi aliondoka akaenda kukaa uani peke yake, akalia kama ambavyo hakuwa amelia tangu msiba, na ndani ya kilio kile mlikuwa na hasira mpya: Jafari alimpa yeye heshima yake, na aibu yake akampa Salma. Mtu haonyeshi aibu yake popote tu. Hapo nani amependwa zaidi? Aligeuza swali hilo huku na huku mpaka adhuhuri, akaenda kuswali. Na alipokuwa anasoma zile sura fupi za bibi yake, zikawa zinatoka mdomoni kama zilivyozoea, akatamani ghafla, kwa mara ya kwanza bila ya kumwonea mtu wivu, kujua zinafananaje.

Kesho yake asubuhi aliingia chumbani kwa Salma na mkeka wake kwapani. "Funga mlango," alisema.

Walianza na alifu. Baadaye wakaingia juzuu ya mwisho, ile ya sura fupi, wakisoma kutoka nyuma kuja mbele kama watoto wanavyofanya, Mwanaidi akifuata mstari kwa kijiti cha ufagio wa chelewa. Na hapo likatokea jambo ambalo hakulitegemea. Maneno aliyoyabeba mdomoni tangu utoto yalikuwa yamelala pale kwenye karatasi yakimsubiri. Aligusa neno, akalitamka, likawa ndilo. Alicheka kwa sauti. Salma naye akacheka, mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile.

Haikuwa raha tupu. Siku walipofika sura ya kuomba kinga, Salma alieleza kwamba mwishoni tunajikinga na shari ya hasidi. Mwanaidi akatupa kijiti.

"Umeichagua hiyo kunisema mimi!"

"Dada, ndiyo inayofuata."

"Kumbe ilikuwa inanifuata tangu zamani," Mwanaidi akanung'unika, akaokota kijiti chake.

Arobaini ikafika. Ukumbi ukajaa, juzuu zikagawiwa, Bi Tatu akainua mkono kunyamazisha watu na kumpisha mke mkubwa. Salma alikuwa amejitolea tangu juzi kusingizia chochote na kuisoma yeye. Mwanaidi alikataa. Alikuwa na sababu mbili, na si vibaya kuzitaja zote: hakutaka tena kumdanganya Mungu, na hakutaka Salma asifiwe mara ya pili.

"Bi Tatu," alisema, "Yasini siwezi. Kusoma sijui. Miaka yote hii nilikuwa nafunua kurasa. Mke mwenzangu hapa ndiye anayenifundisha, na nimefika sura hizi ndogo. Yasini ataisoma yeye. Mimi nitasoma niliyofikia."

Mtu fulani alisema, "Haa!" Mwingine, aliyekaa karibu na mlango, akauliza kwa sauti tamu yenye sumu, "Mumeo msomi vile, hakukufundisha?"

Salma aliinamisha kichwa. Neno moja tu lingetosha kumaliza miaka yote ya kunyata. Mwanaidi aliliona lilipo, akaliacha.

"Alikuwa amepanga kuja kunisomea," akajibu. "Mauti yakamwahi."

Kisha akafungua juzuu, akashika kijiti, akasoma. Alisoma polepole, akakwama, akarudi, akapita. Alipomaliza, hakuna aliyecheka. Mama Rukia, jirani wa mbele, aliyekaa kila hitima safu ya kwanza, akaisukuma juzuu yake katikati ya mkeka.

"Na mimi mnipunguzie," alisema. "Macho yangu."

"Macho gani?" Bi Tatu akauliza.

Mama Rukia akaitazama juzuu ile. "Basi. Sijui."

Juzuu nyingine mbili zikasukumwa. Hitima ile ilichelewa sana kwisha, maana waliojua walisoma na za wasiojua, na wali ukapoa kwenye masufuria, lakini kila ukurasa uliofunuliwa ulikuwa umesomwa.

Wiki za mwisho za eda asubuhi zilijaa. Mama Rukia alikuja na mkeka, na wale wengine wawili. Lakini mapema, kabla hawajafika, ilibaki saa ya Mwanaidi na Salma peke yao, na siku moja wakati huo Salma akaleta juzuu kuukuu, pembe zake zimeliwa, kijiti cha chelewa kimebanwa katikati.

"Hii ni ya kwake," alisema. "Hapa ndipo alipoishia."

Ilikuwa sura ya Wadhuha. Salma alimweleza kwamba ni ile aliyoteremshiwa Mtume wakati wahyi ulipokatika, watu wakamcheka kwamba Mola wake amemtupa, na jibu likaja limeapiwa kwa mwanga wa asubuhi.

Mwanaidi alikitazama kile kijiti. Kilikuwa kimechakaa nchani, pale kilipobanwa na vidole vya mtu aliyezoea magunia. Wivu ukamrudia mzima mzima, kama haukuwahi kuondoka. Salma alikuwa na zile alfajiri zote. Yeye alikuwa na ukurasa huu tu.

"Niachie," alisema. "Toka kidogo, Salma. Hii nataka niisome naye peke yetu."

Salma alimtazama, akaelewa, akainuka. Akafunga mlango bila sauti.

Mwanaidi akaweka kijiti mwanzo wa mstari. Akasoma neno la kwanza. Akasoma la pili. Alisoma kwa sauti, kama Jafari alivyosoma Shangani, na akamwambia moyoni: sasa nisikilize wewe. Akafika kwenye neno ilipoishia alama ya jasho la kidole cha Jafari, akalivuka neno hilo, akaingia mahali ambapo mumewe hakuwahi kufika, na hapo ulimi ukagoma. Akajaribu tena. Ukagoma.

Nje, koridoni, alisikia sauti aliyoijua kuliko zote, kwa kuwa kwa miaka yote ilikuwa ya kwake mwenyewe: kikombe kinagusa kisahani, na nyayo zinawekwa chini moja moja, kwa ncha za vidole.

"Salma," akaita. "Usinyate. Ingia, nimekwama."